Kidaka na kinazi ni vitu viwili

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la tano aliulizwa jina la tunda changa la mnazi. Akaandika 'kinazi', akakosa. Sahihisho likawa 'kidaka'. Sisi hapa Ujiji kidaka tunakijua kile cha ukutani, cha kuwekea taa. Tena nyuma ya nyumba tuna michikichi. Vile vitunda vinavyoanza kutokeza navyo tuviite vidaka? Mama mkwe anasema ni vichikichi."

Marahaba. Sahihisho ni la haki, lakini mtoto naye alifikiri vizuri, na ingefaa aelezwe kwa nini alikosa. Alichukua nazi, akaipachika ki- ya udogo, kama tunavyopata kitoto na kijiji. Kinazi kipo: ni nazi ndogo ya umbo, iliyokomaa, inayokaa kwenye mbuzi ikakunwa ikatoa tui. Kidaka hakikuniki. Ni kitu cha juzi tu, kimetoka kwenye upunga baada ya karara, lile ganda linalofunika maua ya mnazi, kupasuka, kigumu, kidogo cha kufichika kiganjani. Swali lilihusu umri, mtoto akajibu umbo.

Kwa mnazi, Kiswahili kimepanga umri huo ngazi kwa ngazi. Kwanza upunga, ndiyo maua yake. Halafu kidaka. Kikinenepa kinakuwa kitale, lakini bado hakijafikia kunywewa. Linafuata dafu, maji yamejaa na nyama ni laini ya kukombwa kwa kijiko. Kisha koroma, ambalo si dafu tena na nazi bado. Mwisho nazi yenyewe. Safari hiyo huchukua takriban miezi 12. Na sikiliza sarufi inavyohama njiani: kidaka kimeanguka, dafu limeangushwa, nazi imefuliwa. Tunda ni lilelile, ngeli zimekuwa tatu. Mimi hilo hunifurahisha kila ninapolifundisha.

Kidaka cha ukutani ni neno sahihi pia, na kidakatonge cha kooni kadhalika. Muktadha hutenganisha.

Sasa michikichi yako. Hapana, usiite vidaka. Mchikichi na mnazi ni ndugu wa ukoo mmoja wa mimea, lakini majina ya umri wa nazi yamebaki kwa mnazi: hatusemi dafu la mchikichi, wala koroma lake. Nadhani sababu iko mikononi mwa watu. Mtu wa pwani anaiendea nazi katika umri zaidi ya mmoja, leo anywe dafu, kesho akune nazi, kwa hiyo lazima amwambie mkwezi ni ipi anayoitaka. Mtu wa Kigoma anaungoja mkungu wa chikichi uive, matunda yawe mekundu ya kung'aa, ndipo kazi ianze. Ndiyo maana utajiri wa maneno ya mchikichi uko mwishoni: mawese yanayotoka kwenye nyama ya tunda, mafuta ya mise yanayotoka ndani ya kokwa. Tunda likiwa bado bichi halina kazi jikoni, na halikupewa jina lake peke yake.

Mama mkwe neno analo, ila ameliweka mahali pengine. Chikichi ni tunda. Kichikichi ni kokwa ndogo iliyomo ndani yake. Ukishakamua mawese, zile kokwa ngumu zinazobaki, zinazogongwa kwa jiwe, hizo ndizo vichikichi. Hapa tena ki- imetudanganya tukadhani ni mtoto wa chikichi.

Vile vinavyotokeza nyuma ya nyumba viite machikichi machanga. Nasisitiza machanga, kwa sababu sokoni nasikia sana "maembe changa", na sikio langu linakataa. Kivumishi hiki kinafuata nomino yake: embe changa, maembe machanga, kitunda kichanga, vitunda vichanga. Ndizi ndiyo inayowapoteza watu, maana ndizi changa ni sahihi, iwe moja au mkungu mzima. Na ukisema "vidogo" badala ya "vichanga" umerudi kwenye kosa la mtoto: kuna aina za embe zinazoiva zikiwa ndogo, na hizo si changa hata kidogo.

Liko neno moja zaidi ambalo ningependa mlitumie hapo Ujiji, kwenye miembe mingi hivyo. Miembe ikishatoa maua, upepo ukapita, asubuhi unakuta chini vitunda vimepukutika, vingine kama punje za mahindi, vimesinyaa kwenye vikonyo. Hayo ni mapooza: matunda yaliyoanza yasifike. Moja ni pooza. Kidaka kilichodondoka kabla ya kuwa kitale nacho ni pooza, na mtoto akiandika hivyo kwenye daftari lake, asikosolewe.