Barua kwa mwanangu: amezimwa au imezimwa?

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Nakitoma. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema mmenuniana na mwenzako kwa ajili ya hadithi yako, ile ya roboti anayelea watoto wa nyumba moja Ntinda, mpaka siku mwenye nyumba anapochoka naye. Wewe uliandika "roboti ikazimwa". Mwenzako akasema huko ni kuhalalisha mauaji, ilipasa iwe "akazimwa". Unataka nikuambie nani kakosea.

Kisarufi hukukosea. Kitu kilichoundwa, kisicho na uhai, hakiingii ngeli ya A-WA. Lakini tazama hapo juu: nimeandika "anayelea" bila kufikiri. Ni hilo neno kulea lililonivuta.

Jambo hili nililikuta kabla sijasikia neno ngeli. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala, nilikuwa na miaka tisa, tukiishi nyumba za polisi. Watoto wakapiga kelele, "Vifaru vimekuja!" Mimi nilijua kifaru ni mnyama, nikawasahihisha: "Vifaru wamekuja!" Askari mmoja akaniambia, "Kijana, hivi havili majani." Miaka michache baadaye vifaru wa porini walikuwa wamekwisha Uganda nzima. Leo wapo hapa kwenye hifadhi ya vifaru ya Ziwa, jirani yangu. Walianza kuletwa mwaka 2005, kutoka Kenya, kisha Marekani. Ndama aliyezaliwa 2009 aliitwa Obama, kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani. Neno ni lile lile, kifaru; kinachotofautisha ni uhai.

Ingekuwa yote ni uhai, barua ingeishia hapa. Lakini wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi linajua na linakumbuka, tena linakuhurumia kidogo, na bado tumeliachia "li". Halafu mfikirie mtumwa. Lugha ilimpa "a" ya binadamu tangu mwanzo: mtumwa ameuzwa, mtumwa amefungwa. "A" hiyo haikumkomboa hata mmoja sokoni. Kwa hiyo mwenzako asidhani kiambishi ni ngao.

Hata neno lenyewe roboti lina historia nzito. Lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa mwaka 1920, nalo limetokana na robota, neno la Kicheki la kazi ya shokoa. Mwaka huo huo babu zetu Buganda walikuwa bado wanatolewa nyumbani kwenda kasanvu, kubeba na kulima kwa amri. Viumbe wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikuwa na miili kama yetu. Aliuliza swali lako miaka mia moja iliyopita.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa mdogo tulikuwa na msichana wa kazi. Siku moja alivunja chupa ya chai, nikawaambia wageni, "Kile kisichana kimevunja chupa." Alikuwa amesimama mlangoni. Aliinama, akaokota vipande, hakusema neno. Mwezi uliofuata alirudi kwao, na sikumwomba radhi. Sarufi iliniruhusu ile "ki". Niliichagua mimi, kwa hasira, nikiwa na kiumbe hai mbele yangu aliyekuwa akikulea wewe.

Ndiyo maana sitaki ubadilishe sentensi yako kwa kuogopa ugomvi. Swali si roboti ni nini, ni nani anayesema. Mwenye nyumba aseme "imeharibika, izimwe". Watoto waseme "amechoka, mwacheni alale". Msomaji asikie "i" na "a" zikigongana ndani ya nyumba moja, kabla swichi haijaguswa. Wewe msimulizi ndiye utakayebaki na mzigo wa kuchagua, na hapo hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayekusaidia.

Mwenzako alitumia neno kali, lakini aliisoma hadithi yako mpaka ikamuuma. Mpigie simu.

Halafu kuna yule mtoto wa mwisho, uliyesema hasinzii mpaka asikie roboti akihesabu mbuzi. Asubuhi anaamka, anaikuta kona tupu. Atamuuliza mama yake "iko wapi" au "yuko wapi"? Andika sentensi hiyo kwanza, kisha nitumie.

Baba yako