Majani Yaingie Mwisho: Jibu kwa Msomaji Ambaye Mchuzi Wake Haunukii

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dodoma, baba wa watoto wawili ambaye mke wake amehamishiwa kikazi wilaya nyingine na hurudi nyumbani mwisho wa juma tu, aliniandikia ujumbe mrefu akiniuliza kwa nini mchuzi wake haunukii, ilhali amekwisha kununua kila pakiti ya viungo iliyomo kwenye rafu za duka la mtaani kwao. Alimalizia kwa kuniomba nimtajie pakiti nyingine ambayo huenda hajaijaribu. Nilimjibu siku ileile kwa sentensi moja, kwamba aziache pakiti na anunue fungu la giligilani, yaani majani ya kotimiri, lakini jibu hilo lilikuwa fupi mno. Na kwa kuwa najua wengi wenu mnataka kile anachokitaka yeye, yaani familia ikae pamoja jioni kula chakula kilichopikwa nyumbani na isinyanyuke kwenda kutafuta chipsi barabarani, nimeona nimjibu upya kwa urefu unaostahili.

Mimi ninaishi Tanga, na mke wangu ni muuguzi. Atakayewahi kuishi na muuguzi anajua kwamba zamu ya usiku haina huruma na ratiba ya jikoni, kwa hiyo chakula cha jioni cha nyumba yetu kiliniangukia mimi tangu watoto wakiwa wadogo, na sikukikataa. Sasa, katika mji wetu mwanamume anaruhusiwa kupika bila kusemwa endapo anapikia harusi: akisimama mbele ya masufuria ya pilau ya watu mia mbili, shuka kiunoni na jasho usoni, ataitwa fundi na atalipwa. Mwanamume huyohuyo akionekana sokoni Mgandini saa kumi na moja jioni akinusa mafungu ya kotimiri kwa ajili ya wanawe mwenyewe, habari hubadilika. Ndugu yangu mmoja, mkubwa kwangu kwa umri na mtu ninayemheshimu, alitamka mbele ya wageni, wanangu wakiwa wamekaa hapo hapo mkekani, kwamba mimi nimelishwa limbwata, na kwamba majani ninayoyakatakata kila jioni ndiyo dawa yenyewe ninayojiongezea kwa mkono wangu. Watu walicheka sana. Mke wangu, aliyekuwa amerejea kutoka kazini asubuhi hiyo na alikuwa anajiandaa kurudi tena, alinawa mikono akala bila kusema neno. Sikumjibu ndugu yangu siku ile na mpaka leo sijamjibu, ingawa kila ninapoandika makala ya mapishi, nafsi yangu humwandikia yeye kwanza na nyinyi baadaye.

Tuyaache hayo, twende jikoni.

Kosa la msomaji wetu haliko kwenye viungo alivyonunua, liko kwenye saa anayovitia. Harufu ya kotimiri, ambayo bara huitwa giligilani na kwa majirani zetu wa Kenya dania, imo kwenye mafuta mepesi sana ndani ya jani, na mafuta hayo hupanda na mvuke na kutoweka mara sufuria linapochemka. Mtu anayetia kotimiri pamoja na nyanya, kisha akafunika na kuacha mchuzi utokote kwa nusu saa, amewanukishia majirani na kujibakishia uzi wa kijani usio na ladha. Kwa hiyo jani la kotimiri huingia moto ukiwa umekwisha kuzimwa. Vijiti vyake, ambavyo wengi huvitupa, vina ladha nzito inayostahimili moto kuliko majani, navyo ndivyo vinavyokatwa vidogo vidogo na kukaangwa pamoja na kitunguu mwanzoni. Fungu moja, kazi mbili. Nanaa nayo haitaki moto hata kidogo. Mchaichai ni kinyume cha hayo yote, kwa sababu bua lake ni gumu na harufu yake hutoka polepole, hivyo huupondaponda kwa mchi, huutia mapema, na huuopoa kabla ya kupakua.

Nitaeleza mchuzi mmoja tu kwa ukamilifu, wa samaki wa nazi, kwa sababu mtu akiuweza huo mingine yote ataikisia. Samaki wangu ni changu, na akikosekana changu nachukua kolekole, kilo 1 kwa watu watano. Namkata vipande, nampaka chumvi, kitunguu saumu na ndimu, na namkaanga upesi kwa mafuta kidogo hadi ngozi ishike rangi, bila kumwivisha ndani. Nazi 1 kubwa naikuna kwa mbuzi, na naikamua kwa kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu kupata tui zito, ambalo naliweka kando. Machicha yaleyale nayakamua tena kwa vikombe 2 kupata tui jepesi. Kwenye sufuria nakaanga kitunguu na vijiti vya kotimiri, natia kijiko kidogo cha bizari ya manjano, nyanya 3 zilizoiva barabara na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa kwa ajili ya watoto, na naacha nyanya zilainike kabisa kabla ya kumimina tui jepesi. Samaki anaingia hapo, anachemka kama dakika 10, kisha tui zito linafuata kwa moto mdogo, sufuria likiwa wazi. Usilifunike wala usiliache litokote kwa nguvu, kwani tui litakatika na mafuta kujitenga na maji. Na usikoroge kwa mwiko, samaki atavunjika. Shika sufuria kwa matambara mawili na ulizungushe. Zima moto, kamulia ndimu nusu, subiri kidogo, ndipo umwage majani ya kotimiri yaliyokatwa muda huohuo. Katika msimu wa embe mbichi ndimu naiacha, natia vipande vya embe pamoja na tui jepesi, na sijawahi kurudisha sufuria lenye mabaki.

Pembeni ya mchuzi huo kuna wali mweupe au ugali, na kitu kimoja kibichi, basi. Hapa ndipo ninapotofautiana na shangazi zangu, ambao kwao meza isiyo na vyakula sita ni dharau kwa mlaji. Nawaheshimu, lakini wao walipikia nyumba yenye wanawake wanne na wasichana wawili wa kusaidia, na mimi napika peke yangu kati ya Magharibi na saa mbili, mtoto mmoja akiniuliza hesabu za sehemu. Jioni ya siku ya kazi inahitaji chakula kimoja cha moto kilichopikwa kwa makini na cha pembeni kisichohitaji jiko. Kachumbari inatosha, mradi kitunguu kikatwe chembamba, kifikichwe kwa chumvi na kuoshwa ili ukali upungue, na ndimu na kotimiri vitiwe wakati watu wanakaa, kwa maana chumvi na ndimu zikikaa na nyanya kwa muda, kachumbari hugeuka supu. Siku nyingine nasaga chatne kwenye kinu: nazi iliyokunwa, kotimiri nyingi, nanaa kidogo, pilipili, chumvi na ndimu, nayo inaendana na samaki wa kuchoma, na muhogo wa kuchemsha, hata na mkate wa jana. Siku za pilau nachanganya mtindi, tango lililokunwa na kukamuliwa maji, na nanaa. Mchicha naupika dakika chache tu, ubaki na rangi yake.

Siku za maharage ya nazi sibadilishi kitu. Siku za dagaa, ambao kwetu huadimika mbalamwezi inapokuwa kubwa kwa sababu huvuliwa kwa taa gizani, nawakaanga wakavu na kuwapa mchuzi mzito wa nyanya pembeni.

Mchuzi huo wa nyanya ndio ulioniletea kesi nyumbani. Nilikuwa nimesoma kwamba Waitalia hutia mrihani kwenye nyanya, na mrihani tunao tele uani, kwa hiyo nilirarua majani kumi hivi na kuyatia mwishoni. Binti yangu mkubwa alinusa, akaweka kijiko chini, na akasema kwamba chakula kinanukia bibi harusi. Kwa wasiotoka pwani, mrihani kwetu ni jani la kikuba, linafungwa pamoja na asumini na wanawake hulivaa kifuani au kwenye nywele, hivyo mtoto hakukosea hata kidogo. Nilikataa kushindwa. Niliendelea kutia majani mawili, kisha matatu, na sasa binti huyohuyo ndiye anayelalamika mrihani ukikosekana. Na jirani yetu mmoja, ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa waliocheka siku ile ya limbwata, alimtuma mwanawe kuja kuomba tawi la kupanda. Nilimpa matatu. Sitaficha kwamba nililala vizuri usiku huo.

Sasa ndugu zangu, na hasa nyinyi wanaume mnaonisoma kimya kimya bila kuacha maoni, niseme wazi. Mnalalamika kwamba watoto hawali nyumbani, kwamba kila jioni wanataka chipsi mayai, lakini chakula mnachowawekea kimepikwa kwa vumbi la pakiti lililokaa dukani tangu mwaka jana, chumvi yake ikiwa nyingi kuliko kiungo chenyewe. Mtoto hana adabu ya uongo. Kikinukia atakula, kisiponukia atatafuta kinachonukia. Fungu la kotimiri ni rahisi kuliko pakiti hizo, na linauzwa na mama aliyeamka alfajiri kupokea mzigo kutoka Lushoto, siyo na rafu. Mnunulieni. Na ukimwona mwenzako anamnunulia, usimwite aliyelishwa kitu, kwa sababu huenda mke wake wakati huo yupo wodini anamgeuza mama yako kitandani. Naomba radhi kwa ukali huo, ila sitaufuta.

Kuhusu Dodoma yenyewe, mdogo wangu, najua nazi zinakufikia zikiwa na bei ya safari, kwa hiyo usiyachukulie maelezo yangu kama amri ya tui. Mnazo karanga. Saga karanga zilizokaangwa kidogo na kumenywa, zikoroge na maji ya uvuguvugu, na uzitie pale mimi ninapotia tui zito, kwa moto mdogo vilevile, lakini hapa koroga bila kukoma kwa sababu karanga hushika chini upesi. Sato wa kukaanga au kuku atakaa vizuri humo, na mlenda pembeni, ambao watu wa huko hawahitaji kufundishwa na mtu wa Tanga. Kotimiri iingie mwisho, moto ukiwa umezimwa. Nimelisema, na nitalirudia kila utakaponiuliza.

Sokoni Majengo utapata majani, lakini wewe unatoka kazini jioni, na majani ya jioni yamekwisha kunyauka, kwa hiyo ushauri wangu ni upande. Mbegu za giligilani zilezile za pilau zinaota endapo hazijakaangwa wala kuzeeka mno: zibane chini ya chupa hadi kila punje igawanyike vipande viwili, ziloweke usiku mmoja, na uzimwage moja kwa moja kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, kwa sababu mmea huu haupendi kuhamishwa. Zitachomoza baada ya wiki moja hadi tatu, na baada ya wiki nyingine nne au tano utaanza kukata. Joto kali huufanya utoe maua haraka na majani kuisha, hivyo miezi yenu ya baridi, Juni na Julai, ni neema kwako kuliko kwangu, ila miezi ya joto uweke ndoo penye kivuli cha mchana na upande kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Nanaa usinunue mbegu. Chukua tawi kutoka kwenye fungu la sokoni, liweke ndani ya glasi ya maji hadi litoe mizizi, na ulipande kwenye chombo chake peke yake, maana likiachiwa ardhi litameza bustani nzima. Mchaichai mwombe mtu shina moja lenye mizizi.

Majani uliyonunua kwa wingi usiyaoshe hadi utakapoyatumia. Kotimiri isimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo, uifunike juu kwa mfuko mwepesi, na uiweke kwenye jokofu, nayo itakaa wiki nzima ukiibadilishia maji. Mrihani fanya vivyo hivyo lakini uache mezani, kwani baridi ya jokofu huyafanya majani yake kuwa meusi. Kotimiri ikianza kuchoka kabla hujaimaliza, isage na mafuta kidogo na chumvi, uigandishe kwenye kile chombo cha vipande vya barafu, na kila jioni utoe kipande kimoja baada ya kuzima moto.