Jibu: Kwa nini hamira iliyotiwa kadimi huchelewa kukua

Ndugu, umeuliza kwa nini hamira uliyoitia kadimi (metali yenye sumu) ilikaa saa kadhaa bila kuongezeka, kisha ikaanza kukua karibu sawa na ile isiyotiwa kitu. Kuchelewa huko hakumaanishi kwamba sumu iliisha nguvu. Ni muda ambao seli huutumia kujihami.

Kadimi hushikamana na salfa iliyomo kwenye protini na kuziharibu, na pia huongeza molekuli haribifu za oksijeni ndani ya seli. Hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, hujibu kwa kusimamisha mgawanyiko wa seli na kuielekeza salfa yake kwenye utengenezaji wa glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa ambayo huikamata kadimi, kisha protini iitwayo Ycf1 huusukuma muungano huo ndani ya vakuoli (kifuko kilichomo ndani ya seli), ambako madhara yake hupungua sana. Kazi hiyo ikishafanyika, seli zilizonusurika huanza tena kuchipua. Kiwango kikizidi uwezo huo, hazichipui tena.

Angalia pia lishe uliyotumia, kwa sababu dondoo ya hamira na peptoni (protini zilizovunjwa vipande vidogo) hufunga metali, hivyo kiwango kile kile huonekana hafifu kuliko katika lishe sanisi, yaani iliyochanganywa kwa kemikali zinazojulikana. Wala usitegemee kipimo cha mwanga cha nanomita 600, kinachokadiria wingi wa seli kwa ukungu wa kimiminika, peke yake, maana seli zilizokufa nazo huuzuia mwanga. Panda sampuli kwenye agari (jeli ya kukuzia vijidudu) uhesabu makoloni, yaani vikundi vinavyoota kutoka kwa seli zilizo hai. Ndipo utakapojua kama seli zilisimama tu au zilikufa.