Hodi ya Houston

Mdogo wangu, swali lako la juzi kwenye kundi la familia sikulijibu kwa sababu mama alikuwa anasoma. Uliuliza: Green Card imetoka, unakuja Texas, je, ukifika ununue bastola? Wenzako wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilishanunua.

Kwangu ilikuwa rahisi kuliko kupata leseni ya udereva. Unaonyesha kitambulisho, unajaza fomu, muuzaji anaulizia rekodi zako FBI, na mara nyingi jibu linarudi ndani ya dakika chache. Miaka 21 na Green Card vinatosha. Mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi. Halafu tangu Septemba 2021 hapa Texas huhitaji hata kibali cha kutembea nayo kiunoni, ilimradi sheria haijakukataza kumiliki silaha.

Usidhani wenyeji wamerukwa na akili. Jirani yangu, mzee mmoja mpole anayenigawia nyanya za bustanini kwake, anaihesabu bunduki sawa na haki ya kusema na kusali. Imo kwenye katiba yao tangu 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa ni haki ya mtu binafsi kuwa nayo nyumbani ajilinde. Nikimwambia kwetu silaha unaiombea kibali polisi, ananiuliza: "Na polisi wakichelewa?" Hapo huwa nakwama. Unakumbuka majambazi walivyovunja kwa baba mdogo kule Tegeta, polisi wakafika jua limeshachomoza.

Kilichonifanya niiuze ni hodi.

Saa tano usiku mlango ukagongwa. Huku watu hawagongi hivi hivi, mtu anapiga simu kwanza. Nikaichukua, nikasimama nyuma ya mlango, kidole kimeshafika kwenye kifyatulio. Ukagongwa tena, kwa nguvu. Ndipo nikasikia: "Hodi jamani, wenyewe mpo?" Kijana wa Kitanzania, simu imezima chaji, ametumwa na shangazi aniletee ubuyu.

Nilimkaribisha, nikamwandalia chai, mikono inatetemeka. Hajui mpaka leo.

Aprili 2023, kule Kansas City, Missouri, kijana wa miaka 16 alikwenda kuwachukua wadogo zake, akakosea nyumba, akabonyeza kengele. Mwenye nyumba akampiga risasi. Alipona, nashukuru. Lakini nilipoisoma habari ile niliuona mfuko wa ubuyu.

La pili ndilo sikutaka mama alione. Mwaka 2022 risasi ziliua zaidi ya watu 48,000 nchi hii, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Sisi tunauliza habari za majambazi, hatuulizi habari za mtu anayerudi zamu ya usiku peke yake, ndoa imevunjika, madeni yamemkaba, na droo ya kitanda ina chuma. Nimepitia miezi ya namna hiyo, na nafurahi droo yangu ilikuwa na soksi.

Kwa hiyo hapana, usinunue, angalau mwaka wa kwanza. Polisi akikusimamisha barabarani, mikono iwe juu ya usukani mpaka akuambie. Na shangazi akikupa mzigo wangu, nipigie ukiwa bado kwenye maegesho.