Programu ya kusoma eksirei yenye "usahihi wa asilimia 95": ya kuuliza kabla kamati haijasaini

Mkuu, umesema hospitali yenu imeletewa programu ya akili bandia inayosoma eksirei za kifua, muuzaji anadai ina usahihi wa asilimia 95, nawe ni mmoja wa wanakamati watakaoamua. Mdau mmoja hapo juu amekujibu kwamba 95 ni namba kubwa, nunueni tu. Kazi yangu ni ya mionzi, nimeifanya miaka mingi, na nimekaa kwenye kamati kama yako zaidi ya mara moja. Naomba nikujibu kwa urefu, maana namba hiyo peke yake haitoshi kuamulia jambo lolote.

Chukua ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya mia. Programu inayojibu "mzima" kwa kila picha, bila hata kuitazama, itakuwa sahihi mara 99 kati ya 100, na haitamkamata mgonjwa hata mmoja. Ndiyo maana mtu akinitajia usahihi kwa namba moja namwomba anipe mbili: kati ya wagonjwa wa kweli inakamata wangapi, na kati ya wazima inawaachia wangapi.

Tuseme zote mbili ni asilimia 95. Ipeleke kwenye uchunguzi wa watu 10,000 wasio na dalili yoyote, ambamo wenye ugonjwa ni 100. Itakamata 95 na kukosa 5. Lakini wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao ni 495. Daktari atapokea picha 590 zilizowekewa alama, na wagonjwa wa kweli humo ni 95 tu, takriban mmoja kati ya sita. Hao wengine wote wataitwa, wataogopa, wataingizwa kwenye CT (mashine ya mionzi inayopiga mwili picha vipande-vipande), baadhi watachomwa sindano ya kutoa kinyama, bure. Sasa ipeleke programu hiyohiyo kwenye wodi ambako kati ya watu 10,000, wenye ugonjwa huo ni 3,000. Alama zitakuwa 3,200, na 2,850 kati ya hizo ni za kweli. Programu haijabadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu wanaopigwa picha. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa muuzaji ni hili: hizo namba mlizipata kwa watu gani?

Sikiliza jibu kwa makini. Majaribio mengi hukusanya upande mmoja wagonjwa ambao ugonjwa wao unaonekana hata ukiwa mlangoni, na upande wa pili watu wasio na ugonjwa wowote. Wale wa katikati, ambao sisi wenyewe tunabishana juu yao, wanaachwa nje, ilhali ndio tunaotaka kusaidiwa. Niliwahi kuhudhuria onyesho la programu ya namna hii. Kila picha waliyotuonyesha ilipigwa mgonjwa akiwa amesimama wima, kavuta pumzi vizuri, mabega mbele. Tukaomba wajaribu eksirei zetu za kitandani: mzee aliyekonda, amelala chali, nyaya za kifaa cha moyo zimepita kifuani. Programu ikaweka alama ya hewa iliyovuja nje ya pafu. Ulikuwa mkunjo wa ngozi ya mgongoni uliobanwa na bamba la eksirei. Unaujua kwa sababu ukiufuata mstari wake unatoka hadi nje ya mbavu, na mishipa ya pafu inaonekana pande zote mbili za mstari. Pafu lililosinyaa halina mishipa upande wa nje. Mwanafunzi wa radiolojia hufundishwa hili mapema kabisa, kwa sababu mgonjwa anaweza kutobolewa kifua bila haja.

Kuna tatizo la ndani zaidi, na hili ndilo linalonikosesha usingizi kuhusu programu hizi. Hazijui ugonjwa ni nini. Zinatafuta chochote kinachofuatana na jibu. Kwenye hazina za picha zinazotumika kuzifundisha, wengi wenye hewa iliyovuja kifuani tayari wamewekewa mrija wa kuitoa. Programu inajifunza mrija. Ikikutana na mgonjwa ambaye bado hajawekewa, yaani yule hasa tunayemtafuta, uwezo wake unashuka. Mwaka 2018 watafiti wa New York walionyesha kwamba programu iliyofundishwa kutafuta nimonia iliweza kutambua, karibu bila kukosea, picha imetoka hospitali gani. Kama hospitali moja ina wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, kujua hospitali ni nusu ya jibu. Ukiihamishia programu hiyo mahali papya, ujuzi huo hauna kazi.

Wakati wa korona mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mapitio yaliyotoka mwaka 2021 yalichambua kwa kina tafiti 62 za programu za kugundua korona kwenye eksirei na CT, na hayakupata hata moja iliyofaa kutumika kwa wagonjwa. Baadhi zilitumia picha za watoto wadogo kama kundi la wasio na korona, huku wenye korona wakiwa watu wazima. Programu ikajifunza kumtofautisha mtoto na mtu mzima, na usahihi ukaandikwa juu kabisa. Mtu mwenye namba tu mkononi asingeligundua hilo.

Sasa tuseme muuzaji wako amejibu haya yote vizuri. Bado hujafika. Mwaka 1991 watafiti Fryback na Thornbury walieleza ngazi ya vidato sita ya kupima teknolojia ya picha, na mimi huitumia mpaka leo. Chini kabisa ni ubora wa picha yenyewe. Kidato cha pili ni usahihi wa kutambua ugonjwa. Muuzaji husimama hapo. Juu yake kuna kama fikra za daktari zimebadilika, kama matibabu yamebadilika, kama mgonjwa amenufaika, na mwisho kama jamii inapata faida inayolingana na gharama. Kidato cha tano ndicho kinachomhusu mgonjwa, na kufaulu cha pili hakumaanishi umefaulu cha tano.

Mfano mchungu ni Korea Kusini. Ultrasaundi ya shingo ni kipimo kizuri: hakina mionzi, hakiumi, kinaona uvimbe wa milimita chache. Watu wengi walianza kupimwa tezi ya shingo wakati wa uchunguzi wa afya wa kawaida. Kufikia mwaka 2011, kiwango cha saratani ya tezi kilichogunduliwa kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993. Vifo vya saratani hiyo havikushuka, vilibaki palepale. Karibu wote waliogundulika walipasuliwa, na wengi wao watameza dawa za homoni maisha yao yote. Baadhi walipoteza sauti baada ya neva ya koo kuguswa. Picha zilikuwa sahihi, na saratani zilikuwa saratani kweli chini ya darubini. Ila nyingi zisingemdhuru mtu maishani mwake.

MRI ya mgongo, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, ni ndugu yake. Mapitio ya mwaka 2015 yalikusanya tafiti za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo: diski zilizochakaa, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Nimekutana na wagonjwa wengi wanaokuja na ripoti mkononi, wameacha kuinama, wameacha kubeba watoto wao, kwa sababu ya sentensi moja inayoelezea umri wao tu.

Mdau mwingine kauliza kuhusu kudungwa saruji kwenye pingili ya uti wa mgongo iliyovunjika kwa sababu ya mifupa kudhoofika. Hili linafaa hapa pia. Kwenye picha linapendeza: unaona saruji ikijaa ndani ya mfupa, mgonjwa anainuka na kusema amepata nafuu. Tiba hiyo ilisambaa kwa miaka kabla haijajaribiwa ipasavyo. Mwaka 2009 yalichapishwa majaribio mawili yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa saruji na nusu utaratibu wa kuigiza. Katika mojawapo, waliokuwa kwenye kundi la kuigiza walidungwa ganzi, wakakandamizwa mgongoni, na chupa ya kimiminika cha kuchanganyia saruji ikafunguliwa ili harufu yake ijae chumbani. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Wagonjwa waliosema wamepata nafuu walisema kweli. Tatizo ni kwamba bila kundi la kulinganisha hakuna aliyeweza kujua nafuu ilitoka wapi.

Usidhani napinga mashine. Picha zinaokoa watu, na zikipimwa ipasavyo inaonekana wazi. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2011 liliwagawa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sana sigara, wa miaka 55 hadi 74, wapimwe kwa CT ya mionzi michache au kwa eksirei. Vifo vya saratani ya mapafu kwa kundi la CT vilipungua kwa asilimia 20. Hicho ndicho kidato cha tano. Na kumbuka kwamba zaidi ya asilimia 95 ya majibu yaliyotiliwa shaka kwenye CT hayakuwa saratani, kwa hiyo hata kipimo kizuri kinahitaji utaratibu mzuri wa kufuatilia. Kwa upande wa akili bandia, Uswidi waliwagawa wanawake zaidi ya 80,000 wa uchunguzi wa matiti kwa bahati nasibu. Matokeo ya awali yalitoka mwaka 2023: picha zilizosomwa kwa msaada wa programu zilipata saratani zisizopungua zile za usomaji wa kawaida wa madaktari wawili, na kazi ya kusoma ikapungua kwa asilimia 44. Muuzaji akikuletea jaribio la namna hiyo, mheshimu na umsikilize.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Msinunue bado. Ombeni programu iendeshwe kimyakimya kwa muda kwenye picha zenu za kila siku, zikiwemo za kitandani na zile zilizopigwa vibaya usiku, majibu yake yasionekane na daktari anayemtibu mgonjwa. Jibu la kweli liamuliwe na wasomaji ambao hawajaona programu imesema nini, na inapowezekana lithibitishwe kwa CT, maabara, au hali ya mgonjwa baadaye. Gawanyeni matokeo kwa makundi: waliosimama na waliolala, wenye mirija na wasio nayo, wanawake na wanaume, wazee na vijana. Wastani huficha kundi linaloonewa. Kisha, kabla hamjaona matokeo, andikeni kwenye karatasi ni uamuzi gani utabadilika programu ikiweka alama: nani ataiona, ndani ya saa ngapi, atafanya nini. Hapa kamati nyingi hukwama. Kama mgonjwa aliyewekewa alama atasubiri CT foleni ileile aliyokuwa akisubiri jana, programu haijamsaidia.

Ulizeni pia nini kitatokea wakibadilisha toleo la programu, na ninyi mkibadilisha mashine ya eksirei. Majaribio yarudiwe, na hilo liandikwe kwenye mkataba.

Ukipata jedwali la matokeo ya muuzaji lenye idadi ya waliokamatwa, waliokoswa na waliotiliwa shaka bure, lilete hapa ukiwa umefuta jina la kampuni. Kama wamekupa asilimia tu, waombe idadi zenyewe kwanza, maana bila hizo hatuwezi kupiga hesabu ya wagonjwa wenu.