Daftari la Watoro: Ushauri kwa Vituo vya Afya Baada ya Korona

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alipothibitishwa mkoani Arusha, Machi 16, 2020, nilikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha kata, na haikupita muda benchi la kliniki ya presha na kisukari, ambalo kila Jumanne watu walilibanania, likabaki na wazee watatu. Sisi tulihangaika na barakoa na ndoo za kunawia mikono, wasiofika hatukuwaulizia. Mwezi Juni mzee mmoja aliletwa kwa bodaboda, mdomo umepinda, presha 220 kwa 130, na kadi yake ikionyesha kwamba dawa alizichukua mara ya mwisho mwezi Machi.

Chumba cha pili, upande wa CTC, yaani kliniki ya matunzo na matibabu ya VVU, mambo yalikuwa tofauti. Wateja wanaoishi na VVU ambao afya yao ilikuwa imetengemaa walishazoea kupewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, na asiyefika siku yake aliingizwa katika orodha ya watoro ili afuatiliwe nyumbani. Hofu ya korona iliwakuta na dawa ndani. Wa presha tuliwapa za mwezi mmoja, na daftari letu lilikuwa na jina na umri tu.

Ndiyo maana nawashauri waganga wafawidhi na kamati za vituo waanze na daftari kabla ya kufikiria jengo jipya. Andikeni namba ya mgonjwa na ya mtu wa karibu yake, kwa kuwa simu ya mzee mara nyingi hushikwa na mjukuu. Presha ikitulia, apewe dawa za miezi mitatu. Lakini maoteo ya dawa, yaani makadirio ya dawa zitakazohitajika, yabadilike kwanza, kwani ukiagiza Bohari ya Dawa kwa hesabu ya mwezi mmoja ukagawa za mitatu, rafu itakauka, na sisi lilitukuta.

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024, utakuwa na faida iwapo wahudumu hao watakabidhiwa majina ya watoro pamoja na kipimo cha presha, la sivyo watapita nyumba kwa nyumba wakisalimia. Kwetu tunaisoma orodha hiyo nao kila Ijumaa saa tisa alasiri, na kila jina linaondoka na mtu wa kulifuata.