Rangi ya bampa kubanduka

Ndugu, rangi uliyopuliza kwenye bampa ya gari inabanduka kama ganda la kitunguu kwa sababu haikupata pa kushika; rangi yenyewe huenda haina kosa. Bampa nyingi ni za PP (polipropilini), plastiki yenye utelezi. Chungulia upande wa ndani, utaona herufi hizo zimegongwa. Kwangua yote iliyolegea, osha kwa sabuni, futa grisi, kisha piga msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao uishe. Palipobaki plastiki tupu lazima pawe na praima maalumu ya plastiki (rangi ya chini inayofanya rangi ya juu ishike), mkono mmoja mwembamba, yaani tabaka moja jembamba. Hatua hiyo wengi huiruka, na inaniuma kuona kazi ya siku nzima ikiharibika hivyo. Rangi mikono miwili au mitatu, halafu vanishi. Usipulize juani.